Kuku Anayelalia Chochote

Kuku wangu wa kwanza wa silki niliwanunua Kiganjo, Thika, kwa mama mmoja aliyekuwa akihama nyumba na hana pa kuwapeleka. Aliwatoa ndani ya karai lililofunikwa gunia, nami nikadhani ananionyesha paka. Silki hawana manyoya ya kuku wa kawaida. Wana kitu laini mithili ya pamba, kimewajaa kuanzia kichwani hadi vidoleni, na macho huyaoni mpaka uwapulize. Ukiwapuliza unaona ngozi, na ngozi yao ni nyeusi. Nyama ni nyeusi, na hata mifupa, nimeambiwa, ni myeusi, ingawa sijawahi kuchinja hata mmoja ili nithibitishe. Kuku wengine wana vidole vinne, hawa wana vitano.

"Hizi si za nyama, mama," yule muuzaji aliniambia. "Ni za kulalia tu. Ata ukiwekea viazi, italalia."

Nilicheka, nikawabeba hadi kwangu Murera.

Kwangu ni ploti ndogo ya udongo mweusi, ua wa mabati, na nyumba ya mawe ambayo chumba chake cha mbele nimekifanya karakana ya kushonea sare za shule. Nyuma nilikuwa tayari na kuku wa kienyeji, bata, kanga kadhaa, na bata mzinga dume mmoja mwenye kiburi cha diwani. Niliwaingiza silki katikati ya hao wote, na kwa muda wa wiki nzima nikawa mwamuzi wa ugomvi. Kienyeji waliwadonoa kichwani. Bata mzinga aliwapanulia mabawa kila walipopita. Wao hawakujitetea hata kidogo. Walisimama tu, wamefunikwa macho na ile pamba yao, wakangoja yaishe. Ilinibidi nitenge kona ya banda kwa wavu, nikate pamba ya usoni kwa mkasi wangu wa kushonea, na mvua ikinyesha niwakimbilie na taulo, kwa sababu manyoya yao hayazuii maji na kuku huyo akilowa anakufa kwa baridi. Nilijilaani mara nyingi. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kumpangusa kuku kwa taulo wakati wateja wanagonga geti si jambo linaloleta uungwana.

Lakini kwa kulalia, muuzaji hakunidanganya. Silki akishikwa na hamu ya kuatamia, hakuna linalomtoa. Nilimkuta mmoja amelalia chungwa. Nilimkuta amelalia kifuniko cha chupa, na jiwe. Siku moja nilimwondolea kila kitu, nikafagia mpaka chini, naye akarudi akaketi juu ya ardhi tupu. Nilipomwinua niliweka kiganja pale alipokuwa. Udongo ulikuwa wa moto. Niliuondoa mkono haraka, sijui kwa nini, na sikumsumbua tena siku hiyo.

Jirani yangu, mwanamke wa kutoka Magharibi anayefanya kazi kiwandani Ruiru, hakuwapenda tangu mwanzo. Alikuwa akija kununua mayai na kusimama mbali na ule wavu.

"Hii kuku yako inaniangalia," aliniambia, "na haina macho."

"Macho iko, ni nywele tu."

"Ndiyo hiyo sasa. Mtu ananiangalia akiwa amejificha."

Nilimwambia aache ushirikina, lakini baadaye nikawa nami namwona hivyo hivyo. Silki anayelalia hakutazami wewe. Anatazama mahali fulani nyuma yako, hageuzi shingo, na ukikaa naye sana unaanza kuhisi kwamba kweli kuna kitu pale.

Mama alikuja kuishi nami Januari. Alikuwa akiishi peke yake Ngoliba, mpaka majirani walipompata mara mbili akitembea barabarani asubuhi, akisema anarudi kwao kabla geti halijafungwa. Hakuna geti lolote pale. Kaka yangu alinipigia simu tukakubaliana, nikamleta pamoja na godoro lake na jembe ambalo hakutaka kuliacha.

Hapa yanibidi nieleze jambo la kwetu. Kwa Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na wa pili hupewa jina la mama wa mama yake. Mimi ni wa pili. Nina jina la nyanya yangu mzaa mama, ambaye nilizaliwa akiwa ameshazikwa, na kwa sababu hiyo mama tangu nikiwa mtoto ameniita "maitu," yaani mama yangu. Ni kawaida na ni utani wa mapenzi. Nikivunja kikombe aliniambia, "Maitu, na uzee wote huo bado unavunja vyombo?" Nikifaulu mtihani aliwaambia watu mama yake ana akili nyingi.

Kwa hiyo alipofika akaniita maitu sikushtuka. Nilishtuka aliponiomba ruhusa ya kwenda chooni.

Kisha yakaja mengine. Tulikuwa tukiongea Kikuyu, nami nayaandika kwa Kiswahili jinsi nilivyoyasikia. Aliniuliza kama mguu wangu wa kushoto, ambao haujawahi kuniuma, bado unaniuma wakati wa baridi. Aliniambia nisikae nimekunja goti, litakufa ganzi tena. Alinisimulia habari za watu waliokufa zamani kwa namna ya mtu anayemkumbusha mwenzake waliyoyaona pamoja. Na jioni moja, nikiwa namenya viazi, aliniuliza kwa sauti ndogo ya heshima, "Maitu, ulirudi lini?"

Nilimwambia mimi si maitu wake, mimi ni mwanawe, alinizaa mwenyewe. Nilimletea picha. Nilimletea kitambulisho changu, nikamsomea. Alivitazama vyote kwa adabu, halafu akasema, "Sawa, maitu," akanirudishia. Nilipiga meza kwa ngumi, naye akainamisha kichwa na kujikunyata kama mtoto anayengoja kuchapwa. Mama yangu mimi. Niliumia kuliko ninavyoweza kusema. Nilikuwa mtu mzima mwenye nyumba yake, na kitu nilichotaka duniani kilikuwa kimoja tu, kwamba mama yangu anitazame hata mara moja aone ni mimi.

Nilijaribu kila mbinu. Niliimba nyimbo alizoniimbia. Nilipika chakula alichonipikia. Alikula, akanishukuru, akasema hakuna anayepika kama mama yake.

Kwa silki tu ndipo alirudi kuwa mwenyewe. Alikuwa amefuga kuku maisha yake yote, na mikono ilikuwa haijasahau. Alinipokonya mkasi akawakata nywele za usoni vizuri kunishinda. Mvua ikitaka kunyesha alijua kabla yangu, nikimkuta ameshawaingiza ndani. Aliweka kigoda ndani ya banda mbele ya silki anayelalia, akakaa. Mara ya kwanza nilimpata hivyo mchana mmoja wa Juni. Kanga walikuwa wamepiga kelele asubuhi nzima wakielekea upande ule wa banda, kisha wakanyamaza wote pamoja, nami nikatoka kuangalia kama ni nyoka. Hakukuwa na nyoka. Alikuwepo mama kwenye kigoda na kuku kwenye maranda, wametazamana bila kupepesa, na ndege wengine wote wa uani wamesimama nje ya wavu, kimya, vichwa vimeelekea ndani. Hata yule bata mzinga alikuwa ameshusha mabawa.

"Mama," niliita.

Hakugeuka. "Taratibu, maitu. Anasikiliza."

Nilirudi kwenye cherehani yangu nikashona kola upande usiofaa.

Jirani alikuwa ameona kila kitu kupitia tundu la mabati. "Mimi ningetoa hiyo kuku," alisema. "Haki tena. Ama nitoe mamangu."

Nilimjibu vibaya, na kwa siku kadhaa hakuja kununua mayai.

Mwezi huo huo mbwa wa mtu waliingia wakamuua bata jike aliyekuwa akitaga nyuma ya tangi. Mayai yake sikuyaona, nikadhani mbwa waliyala. Wakati huo nilikuwa nimemwekea silki mayai ya kienyeji. Sasa, yeyote aliyefuga anajua hesabu hii. Kuku huanguliwa kwa wiki tatu. Bata huhitaji wiki nne. Ukitaka kuwachanganya chini ya mlezi mmoja, unaanza na ya bata, unasubiri wiki, ndipo unaongeza ya kuku, wote watoke pamoja. Mama ndiye aliyenifundisha hivyo nikiwa msichana, na alikuwa amewafundisha wanawake wengi wa Ngoliba. Lakini ni yeye aliyeokota mayai ya yule bata, akayasugua kwa leso, akayasukuma chini ya silki siku ile ile niliyoweka ya kuku. Hakuniambia. Mimi nilimwona kuku amefura kidogo kupita kawaida, nikasema ni pamba.

Vifaranga vya kuku vilitoka katikati ya Julai, wakati ule wa baridi kali na manyunyu, mchana wote unaonekana kama jioni. Silki alikaa navyo siku moja, kisha akatoka navyo nje, maana ndivyo walivyo. Akisikia vifaranga vinalia miguuni, kilichobaki kwenye kiota anakisahau. Nilipoingia kusafisha banda nilikuta maganda, na pembeni mayai manne makubwa yenye rangi ya kijani iliyopauka. Niliyashika yakawa ya baridi. Nilielewa kilichotokea, nikamwonea huruma mama, si mayai. Niliyaacha pale nikaenda kuchukua beleshi la kuyazikia.

Niliporudi hayakuwepo.

Mama nilimkuta chumba cha mbele, kwenye kiti kilicho kando ya cherehani, amevaa sweta mbili, mikono yote miwili ameiingiza ndani kifuani.

"Usinifungue, maitu," alisema. "Watapata baridi."

Nilimwambia yamekufa. Nilimwambia kwa upole, halafu kwa ukali. Alinitazama, na ule mtazamo niliujua, nilikuwa nimeuona kwenye banda. Alikuwa akitazama mahali nyuma yangu.

Tangu hapo hakuondoka kwenye kile kiti. Alilala akiwa amekaa. Chakula alikataa, alikunywa uji wa wimbi kidogo nikimshikia kikombe, na hata huo aliumeza huku amegeuzia sikio kifuani kwake. Akienda chooni nilipaswa kumshikia mayai, na hakukubali niyashike mkononi. Basi nilisimama nje ya mlango wa choo na mayai ya bata kwapani, mawili huku, mawili kule, mwanamke mwenye wateja na heshima zake, mkuu wa shule amesimama getini anangoja sare. Nilijicheka mwenyewe. Lakini mama alikuwa anaisha. Mifupa ya shingo ilitokeza. Nilimwita muuguzi wa zahanati, akampima, akaniambia damu imeshuka na nihakikishe anakula, la sivyo tutampeleka hospitalini.

Usinidhanie kwamba sikuyasikia. Niliyasikia. Siku ya pili au ya tatu niliinama kumfunga shuka na nikasikia sauti ndogo ndani ya sweta, ya kukwaruza, na nyingine nyembamba ya kuita. Mama alitabasamu. Ikanyamaza, na baada ya hapo sikuisikia tena, ingawa nilikuwa nikizima cherehani kila mara ili nisikilize.

Jirani alikuja mwenyewe aliposikia mama hali chakula, na alileta mahindi ya kuchemsha, jambo ambalo silisahau. Tulimbembeleza mama atuazime mayai kidogo tu. Tuliingia nayo stoo tukafunga mlango, jirani akawasha tochi ya simu na kuyaweka juu yake moja baada ya jingine. Yai lililo hai siku za mwisho huonekana jeusi, na ukingoja unaona likitikisika karibu na kifuko cha hewa. Yalikuwa meusi yote. Tulingoja mpaka mkono wake ukachoka. Hakuna kilichotikisika.

"Hii imekufa kitambo," alisema. "Itoe kabla haijapasuka kwa nguo ya mama."

Alidhani anazungumza kwa sauti ya chini. Tulipotoka mama alikuwa amenyoosha mikono kuyapokea, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ndivyo walivyosema pia," aliniambia.

"Akina nani, Mama?"

Hakunijibu mpaka jirani alipoondoka. Manyunyu yalikuwa yakipiga mabati. Alirudisha mayai ndani ya sweta, akajifunga vizuri, ndipo akaanza, na alianza akinikumbusha mimi, kwa sababu kwake nilikuwepo.

Alikuwa msichana wa kama miaka minane, siku za Hali ya Hatari, wakoloni walipowafungia watu ndani ya vijiji vyenye handaki na geti. Nyanya yangu alikuwa na mtoto mchanga wa kiume aliyeugua. Mtoto alinyamaza. Watu walimwambia nyanya amekufa, naye akakataa kumwachilia, akamkumbatia ndani ya shuka akakaa naye mlangoni. Hakula. Hakumruhusu mtu amkaribie. Wanaume waliopewa ruhusa ya kutoka kuzika walikuwa wakingoja, na ruhusa ilikuwa inakwisha, geti likifungwa ni basi. Wanawake wakamtuma mama, kwa sababu ni yeye peke yake ambaye nyanya alimwacha amsogelee. Nyanya alipopitiwa na usingizi, mama alimchomoa mtoto mikononi mwake, akamweka begani, akatembea naye hadi kwa wale wanaume.

"Nilitembea polepole, maitu. Na njiani nilisikia kitu hapa." Aligusa shingo chini ya sikio. "Hewa. Ya joto. Sikusimama. Waliniambia nisisimame."

Alinisogelea. Sijawahi kutazamwa na mtu namna ile.

"Hukuwahi kuniuliza. Ulikaa kimya mpaka ukaenda. Sasa umerudi, niambie. Wewe ndiye uliyemshika siku zote zile, wewe ndiye unayejua. Alikuwa anapumua?"

Hadithi hiyo sikuwahi kuisikia. Hakumwambia baba, hakumwambia dada yangu. Aliibeba miaka yote hiyo akitulea, akiuza mayai, akituimbia, na alikuwa akingoja mtu mmoja ambaye asingeweza kurudi. Na miezi yote hiyo mimi nilikuwa nikipigania nisiwe mtu huyo. Nilikuwa nimeshapiga meza, nimeshamwonyesha kitambulisho. Nilijua kwamba nikijibu nitakuwa nimekubali, na huenda nisimpate tena mama yangu. Nilimtazama jinsi alivyokonda. Nikapiga magoti mbele ya kiti, nikamshika mashavu.

"Hapana, mwanangu," nilisema. "Hakuwa anapumua. Alikuwa ameenda tangu usiku. Ile ilikuwa hewa yako mwenyewe, ulikuwa unalia. Ulifanya vizuri."

Sauti iliyotoka kinywani mwangu ilikuwa nzito kuliko yangu. Mguu wa kushoto ulikuwa umeshakufa ganzi pale nilipoukunja.

Alipumua kwa muda mrefu. Mabega yake yalishuka, na nikaona anachoka kama watu wanavyochoka wakifika nyumbani. Alifungua sweta polepole, kifungo kwa kifungo, akatoa mayai akaniwekea viganjani.

"Basi yachukue," alisema. "Nina njaa."

Nilitaka kulia kwa furaha. Niliinuka nikichechemea, nikiwa nimeyashika yote manne, nikaelekea jikoni. Nilikuwa sijafika mlangoni niliposikia mguso kwenye kiganja changu cha kulia. Mmoja, kisha mwingine. Ganda lilipasuka kijipande kidogo chini ya kidole gumba, na kupitia hapo kitu chenye unyevu kikasukuma, kikalia, kwa sauti iliyojaa chumba kizima.

Niligeuka. Mama alikuwa amesikia. Alilitazama lile yai, akatazama mikono yangu, akapandisha macho hadi usoni, na kwa mara ya kwanza tangu Januari hakutazama nyuma yangu. Alinitazama mimi. Niliona macho yake yakinitambua, pua yangu, kovu langu la kidevuni, kila kitu, mpaka mwisho.

"Mwanangu," alisema. "Wewe ungejuaje? Hukuwa umezaliwa."